Usimikaji wa Pampu Joto ya Hewa katika Nyumba za Uingereza: Hesabu ya Upotevu wa Joto kama Msingi wa Ufanisi

Utangulizi

Pampu joto ya hewa ni mashine inayofyonza joto kutoka katika hewa ya nje na kulihamishia ndani ya nyumba kwa kutumia umeme. Nchini Uingereza, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila za gesi, serikali imeifanya mashine hii kuwa mhimili mmojawapo wa sera yake ya kupunguza hewa ukaa. Mpango wa ruzuku kwa wenye nyumba wa England na Wales ulianza mwaka 2022 kwa pauni 5,000, na mwezi Oktoba 2023 kiasi hicho kikapandishwa hadi pauni 7,500. Hata hivyo, mjadala wa umma umeelemea mno kwenye mashine yenyewe: ni ya kampuni gani, ina ukubwa gani, inapiga kelele kiasi gani. Hoja inayojengwa katika makala haya ni kwamba mafanikio ya usimikaji huamuliwa kabla mashine haijafika nyumbani. Huamuliwa katika hesabu ya upotevu wa joto, chumba kwa chumba, na katika jotoridi la maji linalotokana na hesabu hiyo.

Uzito wa suala hili unaonekana kwenye bili. Katika miaka ya 2024 na 2025, bei ya uniti moja ya umeme kwa kaya za Uingereza ilikuwa takriban mara nne ya bei ya uniti ya gesi. Kwa kuwa boila nzuri hugeuza takriban asilimia 90 ya gesi kuwa joto, pampu inapaswa kutoa uniti 3.6 za joto kwa kila uniti moja ya umeme ili mwenye nyumba alipe kama alivyokuwa akilipa. Katika mradi wa majaribio uliogharimiwa na serikali, ambao ulisimika pampu katika nyumba 742, pampu za hewa zilizoangukia katikati ya orodha zilitoa takriban uniti 2.8. Kwa bei hizo, kaya yenye 2.8 hulipa gharama ya joto iliyozidi ile ya gesi kwa zaidi ya robo. Ni kweli kwamba zipo bei maalumu za umeme kwa wenye pampu, na kwamba anayeacha gesi kabisa huepuka pia ada yake ya kila siku. Hata hivyo, nafuu hizo hazipaswi kutumiwa kuficha usimikaji mbovu.

Joto kutoka katika hewa baridi

Kanuni yenyewe si ngeni kwa mtu yeyote aliyewahi kugusa mgongo wa friji au kupita chini ya kiyoyozi kinachopuliza hewa ya moto barabarani. Friji hutoa joto katika chakula na kulimwaga jikoni. Pampu joto hutoa joto katika bustani na kulimwaga sebuleni. Ndani ya koili za nje huzunguka kimiminika ambacho mafundi wa friji hukiita tu gesi, kwa sababu huchemka katika jotoridi la chini sana. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 2, gesi hiyo inaweza kuwa na nyuzi −5, hivyo hewa inayoonekana kuwa baridi kwa binadamu ni moto kwa gesi. Gesi huchemka na kuwa mvuke, kompresa huukandamiza mvuke huo hadi upate joto kali, nao hulikabidhi joto lake kwa maji ya nyumbani na kurudi kuwa kimiminika. Vali hupunguza mgandamizo, na mzunguko huanza upya.

Wazo hili ni la kale kuliko inavyodhaniwa. William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na mwaka 1945 mhandisi John Sumner alipasha joto jengo mjini Norwich kwa pampu iliyofyonza joto la maji ya mto.

Jambo la msingi kwa msimikaji ni kwamba pampu hupanda mlima, na kila ongezeko la kimo lina gharama yake. Kikomo cha kinadharia cha ufanisi hupatikana kwa kuchukua jotoridi la maji katika kipimo cha kelvini na kuligawanya kwa tofauti kati yake na jotoridi la nje. Nje kukiwa na nyuzi 0, maji ya nyuzi 35 yana kikomo cha 308 ÷ 35, yaani 8.8, maji ya nyuzi 55 yana kikomo cha 328 ÷ 55, yaani 6.0. Mashine halisi hufikia karibu nusu ya vikomo hivyo, au pungufu yake, lakini uwiano hubaki palepale: joto lilelile, likitolewa kwa maji ya nyuzi 55, hula umeme karibu mara moja na nusu ya ule unaohitajika kwa maji ya nyuzi 35. Mashine ni ileile na nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni maji tu.

Hesabu ya chumba kwa chumba

Hapa ndipo usimikaji mwingi huharibika. Boila inayochemsha maji ya bombani papo kwa papo huhitaji kilowati 24 au zaidi ili mtu aoge, ilhali nyumba ya kawaida, hata usiku wa baridi kali, mara nyingi hupoteza kilowati kati ya 5 na 10 tu. Msimikaji anayesoma namba iliyobandikwa kwenye boila na kutafuta pampu inayokaribiana nayo amepima bafu, hajapima nyumba. Pampu iliyozidi ukubwa huwaka na kuzimika mara kwa mara, hasa katika miezi ya baridi ya wastani ambayo ndiyo mingi, na kila kuwaka upya hupunguza ufanisi na kuichosha kompresa.

Hesabu sahihi huanza na kila ukuta, dirisha, sakafu na dari. Eneo huzidishwa kwa kiwango cha upitishaji joto cha kitu husika, kisha kwa tofauti ya jotoridi kati ya ndani na nje. Tuchukue chumba cha London chenye ukuta wa nje wa mita za mraba 10, ndani kukiwa na nyuzi 21 na nje nyuzi −2. Ukuta wa zamani wa matofali usio na uwazi katikati, wenye kiwango cha 2, hupoteza 10 × 2 × 23, yaani wati 460. Ukuta huohuo ukihamiwa hadi kiwango cha 0.3 hupoteza wati 69. Hewa inayopenya nayo huhesabiwa: chumba cha mita za ujazo 30 ambacho hewa yake hubadilika mara moja kwa saa hupoteza takriban wati 228 zaidi. Kwa hiyo, katika chumba kilichohamiwa vizuri, nyufa za mlango huweza kuzidi ukuta kwa mbali, jambo ambalo jicho peke yake halilioni.

Jumla ya vyumba vyote ndiyo ukubwa wa pampu. Lakini thamani kubwa ya hesabu hii imo katika namba ya kila chumba, kwa kuwa ndiyo inayoamua rejeta. Rejeta za ukutani hutangazwa kwa uwezo unaopimwa wakati wastani wa maji umezidi hewa ya chumba kwa nyuzi 50. Tofauti hiyo ikishuka hadi nyuzi 25, rejeta haitoi nusu ya joto. Hutoa takriban asilimia 40 tu. Chumba kinachohitaji wati 800 kitahitaji rejeta iliyotangazwa kuwa ya wati 2,000. Kubadilisha rejeta tatu au nne ni gharama ya mara moja, na kuiepuka kwa kupandisha maji hadi nyuzi 55 ni gharama ya kila majira ya baridi.

Mabomba nayo yasisahauliwe. Boila huruhusu maji yarudi yakiwa yamepoa kwa nyuzi 20. Pampu kwa kawaida hupangiwa nyuzi 5. Ili kubeba joto lilelile, maji mara nne zaidi lazima yapite. Pampu ya kilowati 8 huhitaji takriban lita 23 kwa dakika, kiasi ambacho bomba kuu jembamba haliwezi kukipitisha bila kelele na bila kuielemea pampu ya maji.

Nyumba iliyotumia boila ya papo kwa papo itahitaji pia tangi la maji ya moto, nalo linataka kabati ambalo familia imekwisha kulijaza vitu.

Nje ya nyumba

Mashine ya nje huhitaji msingi imara, nafasi ya hewa kupita na mfereji wa maji. Koili huganda barafu, mashine huiyeyusha kwa kugeuza mzunguko wake kwa dakika chache, na maji yakimwagika njiani huganda tena na kumwangusha mpita njia. Tangu Mei 2025, England imeondoa sharti la kuiweka mashine angalau mita moja kutoka mpaka wa kiwanja, ingawa masharti ya kelele yamebaki.

Uchaguzi wa gesi una historia inayoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yaliyarekebisha Makubaliano ya Montreal ili kupunguza gesi zenye nguvu kubwa ya kuongeza joto duniani. Gesi ya R-410A ina nguvu mara 2,088 ya hewa ukaa, na R-32 mara 675. Propani, inayozidi kutumika sasa, ina takriban mara 3. Propani huwaka, na ni nzito kuliko hewa. Kwa hiyo mashine yake haiwekwi karibu na mlango, dirisha la chini au mfereji ambamo gesi iliyovuja inaweza kutuama.

Kuwasha na kurekebisha

Baada ya kusafisha mabomba na kusawazisha mtiririko wa kila rejeta, fundi hupanga mchoro wa uhusiano kati ya jotoridi la nje na la maji: kwa mfano, maji ya nyuzi 45 nje kukiwa na −2, na nyuzi 30 nje kukiwa na 15. Mchoro huo hukisiwa kwanza, kisha hushushwa kidogo kidogo katika wiki za baridi za mwanzo hadi chumba kimojawapo kilalamike. Kazi hii haiwezi kukamilika siku ya kukabidhi nyumba, na malipo ya fundi kwa kawaida hayaihesabu. Mwenye nyumba aliyezoea kuwasha boila saa mbili asubuhi na saa mbili jioni huachiwa mashine inayotaka kufanya kazi polepole mchana kutwa, pamoja na kijitabu ambacho hakielezi sababu. Anapohisi rejeta ni vuguvugu, huongeza jotoridi la maji.