Rubani au Kiendeshi? Istilahi ya Kompyuta Mbele ya Bandari ya Mombasa

Meli kubwa ya kigeni haijiingizi Kilindini. Hungoja baharini mpaka rubani apande, na nahodha, ijapokuwa amri ya chombo imebaki kwake, humsikiliza mtu huyo aujuaye mlango wa bandari: kina chake, mikondo yake na miamba yake. Nahodha huyo huyo akifika Dar es Salaam humpokea rubani mwingine. Makala haya yanadai kwamba uhusiano huo unaieleza, kuliko istilahi kiendeshi, ile programu inayokiwezesha kiini cha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kifaa.

Tuchukue kipimajoto cha kidijitali LM75, chipu ndogo kuliko ukucha. Tuseme kimewekwa katika chumba cha miswada Mji wa Kale, ambako joto la pwani, likishirikiana na unyevu, huila karatasi. Chipu haisemi "nyuzi 29.5". Hutoa baiti mbili kupitia nyaya mbili za njia ya I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Katika baiti hizo, biti 9 tu ndizo zenye kipimo, na kila hatua ni nusu ya digrii.

Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, hakina haja ya kuyabeba hayo yote. Mjuzi wake ni programu iitwayo lm75: ndiyo ijuayo rejista ipi isomwe na biti zipi zitupwe. Ikipata 59, huzidisha kwa 500 na kukabidhi 29500, yaani kipimo kwa sehemu za elfu za digrii, kwa kuwa kiini hukwepa hesabu za desimali. Hesabu ya joto lililo chini ya sifuri nayo inaijua, ingawa Mombasa haiihitaji. Chipu TMP102 hutumia biti 12 na hatua ya 0.0625, hiyo ina rubani wake. Mhifadhi wa miswada husoma kipimo cha namna ile ile, asijue chipu imebadilishwa.

Kiendeshi, basi, kimelitafsiri neno la Kiingereza badala ya kuitazama kazi. Hapa hakuna kinachoendeshwa; chipu inasomwa na kufasiriwa. Isitoshe, neno hilo hilo limetumika kwa kiendeshi cha diski, na mwanafunzi huchanganyikiwa.

Hata hivyo, kiendeshi kina nguvu ya kimofolojia: kiambishi ki- kinakiweka pamoja na kipimajoto na kikokotoo, jamaa ya ala. Rubani, kwa wasomaji wengi wa leo, ni wa ndege kwanza. Rubani wa bandari, tena, hushuka kazi ikiisha, ilhali programu hubaki ndani ya kiini. Lililo gumu zaidi ni upatanisho: rubani wa kifaa amesoma joto, au imesoma? Kwa mizani ya makala haya, amesoma ndiyo sahihi, maana nomino inabaki na ngeli yake hata inapotumiwa kisitiari, na wingi wake ni marubani wa vifaa.