Kizibo cha sinki: maji yenyewe ndiyo yanayofunga

Umejaza sinki la bafuni uloweke soksi, ukirudi maji hayapo. Wengi hapo husema kizibo ni chepesi, wanatafuta kitu cha kukikandamiza. Hebu tupige hesabu. Kizibo chenye kipenyo cha sentimita 4 kina eneo la kama sentimita za mraba 12.6. Maji ya kina cha sentimita 10 juu yake yanakilalia kwa uzito wa gramu 126 hivi, na ukizidi kujaza kinazidi kubanwa. Kwa hiyo mara nyingi kosa ni la raba: imekakamaa, imechanika, au nywele na chumvi iliyoganda zinaizuia kukaa sawasawa.

Kitoe, kisafishe, jaribu tena. Bado kinavuja? Vizibo vingi vya kubonyeza hufunguka kwa kuvizungusha kwa mkono kinyume cha saa. Nenda nacho dukani, usikadirie kwa macho. Nyuzi zisipolingana ni kazi bure.

Ukibadili na shingo yake yote, angalia kwanza kama sinki lina kitundu karibu na ukingo. Hicho hupitisha maji yaliyozidi hadi kwenye shingo, chini ya kizibo, kwa hiyo shingo mpya lazima iwe na tundu ubavuni. Isipokuwa nalo, siku bomba likisahauliwa wazi maji yatamwagika sakafuni. Muuzaji huenda asikuulize, basi mwambie wewe. Na nati ya chini usiikaze kwa hasira, kauri hupasuka.