Saa ya Laptopu ya Mama

Hitima ya mjomba ilisomwa Tanga mwezi wa kumi na moja, saa kumi alasiri, kwetu huku Leicester saa saba mchana. Mama hakuiona. Alikaa mbele ya laptopu dakika 40, mtandio kichwani, brauza ikimwambia tovuti si salama. Mimi niko kazini, simu nimeizima mlio. "Niliogopa kubonyeza, mwanangu," akaniambia usiku.

Tovuti haikuwa na kosa. Laptopu iliamini tuko mwaka 2012. Ile betri ndogo ya duara inayotunza saa mashine ikizimwa ilikuwa imekufa, na mimi nilijua tangu kiangazi. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa laptopu ya 2012, cheti kilikuwa hakijazaliwa.

Sasa utaniuliza, si saa hujirekebisha kwa intaneti? Hujirekebisha, kwa NTP, utaratibu wa David Mills uliochapishwa 1985: mashine inaiuliza seva saa, inapima ujumbe umechukua muda gani kwenda na kurudi, kisha inajiweka sawa. Ila Windows ya nyumbani, tofauti ikizidi saa 15, kwa kawaida inagoma. Si ujinga, hutaki seva yoyote ikurushe miaka. Kwa hiyo weka tarehe kwa mkono kwanza, halafu fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

w32tm /resync

Ikisema huduma haijawashwa, tangulia na net start w32time.

Kwenye Mac hakuna kazi, ni kuwasha tarehe ya kujiweka yenyewe kwenye mipangilio. Kwenye Ubuntu mimi napenda chrony:

sudo apt install chrony
chronyc tracking

Amri ya pili inakuonyesha umepishana na seva kwa kiasi gani. Mara nyingi ni sehemu ndogo mno ya sekunde, raha tupu.

Dakika zikiwa sahihi lakini saa imekosea, usiilaumu NTP. Yenyewe inaleta UTC tu. Tanga wanaongeza 3, sisi wakati wa baridi hatuongezi kitu, na hilo unalichagua mwenyewe kwenye mipangilio. (Mama juu ya hapo ana hesabu yake ya saa sita. Hajawahi kukosea.)

Jumapili nilibadilisha betri. Laptopu ikasema 14:10. Mama akatazama saa ya ukutani, akatazama laptopu, kimya.

Arobaini ni wiki ijayo. Nimeomba ruhusa kazini siku hiyo.