Aina Moja, Shamba Zima

Mwaka 1973 watafiti wa vyuo vikuu vya Florida na Texas, Marekani, walitoa nyasi mpya za uani zilizoitwa Floratam. Sifa yake kubwa ilikuwa kumuua kunguni wa nyasi, mdudu mdogo anayefyonza utomvu mpaka uwanja mzima unakauka. Nyasi hizo zikaenea mitaa na mitaa. Mwaka 1985 wakapatikana huko Florida kunguni wanaoila Floratam na kuzaliana juu yake bila shida.

Mtu wa Kalemie, huku Kongo, ana haki ya kuuliza uani wa Florida unamhusu nini. Unamhusu kwa sababu Floratam haipandwi kwa mbegu. Hukatwa vipande na kufukiwa, kwa hiyo kila uwanja wa Floratam ni mmea uleule mmoja uliorudiwa mara nyingi. Muhogo wetu ni hivyohivyo. Kijiti unachoomba kwa jirani ng'ambo ya mto Lukuga hakitofautiani na mama yake hata kidogo, na kinga yake ni ileile. Ni kama mji mzima kufunga milango kwa kufuli za aina moja: mwizi akipata ufunguo mmoja, nyumba zote ni zake.

Ufunguo huo mdudu hautafuti. Watu husema wadudu "wamezoea", kana kwamba kunguni mmoja alijifunza kuvumilia. Sivyo. Katika mamilioni ya kunguni, wachache huzaliwa na tofauti ndogo ya kurithi inayowawezesha kuishi pale wenzao wanapokufa. Kukiwa na nyasi za aina nyingi, tofauti hiyo haiwapi faida kubwa. Kukiwa na Floratam peke yake, wao ndio wanaobaki kuzaa, na watoto wao hurithi tofauti hiyo.

Kwa muhogo kisa kina kona zaidi. Batobato, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, husababishwa na virusi wanaobebwa na inzi weupe. Katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika ya wakoloni, watafiti Storey na Nichols walianza miaka ya 1930 kuuchanganya muhogo na ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira ambao majani yake watu wa pwani hupika kisamvu. Uzao wa kazi hiyo ulipelekwa Nigeria, na kutoka huko kinga ikaingia katika aina nyingi zinazolimwa leo Afrika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilifagia mashamba ya Uganda. Mwaka 1997 wanasayansi walionyesha kwamba kirusi chake kilikuwa mchanganyiko wa virusi wawili waliokutana ndani ya mmea mmoja. Aina zenye kinga zikagawiwa, sahani zikajaa tena. Lakini kinga ile ilimzuia kirusi, si inzi. Inzi weupe walipata majani mabichi yenye afya, wakaongezeka kupita kiasi. Na inzi haohao hubeba ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ambao zamani ulihesabiwa kuwa wa nyanda za chini, hasa pwani. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, juu ya mita 1,000, ndani ya mihogo iliyoshinda batobato. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba kirusi chake kimepatikana Kongo, upande wa Beni.

Hapa hakuna aliyevunja kufuli; mwizi alipitia dirishani. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu sasa wanatafuta pia kinga dhidi ya inzi mwenyewe. Colombia walitangulia: mwaka 2003 walitoa muhogo uitwao Nataima-31, unaowashinda inzi weupe wa kwao.

Wakati huo huo, mkulima anayetegemea bukari na sombe asiachie shamba lote aina moja, hata ikisifiwa vipi. Na asiamini majani peke yake. Michirizi ya kahawia yaweza kuacha sombe ikipendeza huku mizizi ikioza kwa ndani, madoa makavu yasiyofaa hata kwa unga. Basi siku ya kuvuna, kabla ya kuweka vijiti vya msimu ujao, kila shina likatwe mizizi yake vipande kuanzia juu mpaka chini. Likionyesha doa la kahawia, vijiti vyake vichomwe, hata kama jirani ameshaviomba.