Ubainifu, si Ufafanuzi

Mwalimu mmoja wa Ikuti, wilayani Rungwe, ametuuliza kama "kamera ya ufafanuzi wa juu" ni istilahi sahihi. Kwa maoni yetu haifai: kamera haifafanui jambo, hubainisha vitu. Televisheni ya rangi ya Zanzibar ilianza miaka ya 1970 kwa picha ya mistari 625. Kamera hizi hutoa mistari 720 au 1080, hata ukingo wa wingu ukabainika. Ndiyo maana tunapendekeza "ubainifu wa juu". ("Angavu" ni sifa ya mwanga.)

Mwaka 2014 kamera nne za namna hiyo zilifungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, wanaanga wakiwa ndani, ili kupima jinsi zinavyostahimili mnururisho. Jaribio likaendelea hadi 2019. Mtafsiri akiandika kuwa kilichojaribiwa ni ufafanuzi, msomaji atadhani wanaanga walikuwa wakitahiniwa.