Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini Aliyeachishwa Kazi Atalipaje?

Wazee walisema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Mtu apatapo mkopo hali yu kazini, fungu la kulipia hukatwa katika mshahara kabla hajaushika, wala hahisi uzito wake. Lakini siku apewapo barua ya kuachishwa kazi, mshahara hukoma na deni halikomi. Hapo ndipo matanga huanza.

Hebu tumtazame karani mmoja wa mfano. Ametumika miaka 8, mshahara wake ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na chama chake cha akiba na mikopo kinamdai shilingi 160,000. Kazi zimepunguzwa, naye yumo miongoni mwa waliopunguzwa. Kwa kuona haya, anarudi shambani, anaifunga simu yake, na kungojea bahati. Miezi yapita. Chama huichukua akiba yake, na isipotosha huwageukia wadhamini wake, yaani wenzake waliotia sahihi kwa kumwamini. Basi deni la mmoja limekuwa njaa ya nyumba tatu, na kisa chake ni kimya.

Je, yampasa kufanya nini? Kwanza, adai haki yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaamuru kwamba mtu aliyeondolewa kwa sababu nafasi yake haihitajiwi tena alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Tena apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na fedha za likizo ambayo hakuichukua. Kwa karani wetu, siku 120 ni kama shilingi 120,000; pamoja na mshahara wa notisi ni shilingi 150,000, kabla ya kukatwa kodi. Fedha hizi si za kununulia pikipiki. Wala asizimwage zote katika deni, kwani watoto hula kila siku. Atenge kwanza chakula na karo ya miezi michache, kisha fungu la deni.

Pili, aende mwenyewe kwa mkopeshaji kabla ya siku ya malipo kupita, akichukua barua ya kuachishwa kazi. Aombe fungu la kila mwezi lipunguzwe na muda uongezwe, akikumbuka kwamba muda mrefu huleta riba zaidi. Mkopeshaji halazimiki kukubali, lakini aghalabu humsikiliza ajaye kuliko atafutwaye. Wakipatana, patano liandikwe, naye ahifadhi nakala na kila risiti, hata ya shilingi 1,000.

Tatu, aliyekopa benki ajue mipaka ya deni lake. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa mbovu. Tangu mwaka 2007, sheria ya benki huzuia riba ya mkopo wa namna hiyo isizidi fedha za asili zilizosalia siku ulipoharibika. Kama zilisalia shilingi 100,000, riba baada ya hapo haiwezi kupita shilingi 100,000 nyingine, ingawa gharama za kulidai deni huongezwa juu yake.

Nne, asikope huku ili alipe kule. Mikopo ya simu hupatikana upesi, lakini kuchimba shimo ili kufukia shimo hakumwachii mtu kiwanja cha kusimama.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: jioni ile ile ya barua, kabla ya kwenda kwa meneja yeyote, awaendee wadhamini wake. Awaambie, "Ndugu zangu, kazi imekwisha, na deni hili ni langu, haya ndiyo niliyonayo, na hivi ndivyo nitakavyolipa." Maneno hayo ni machungu kuyatamka. Lakini kazi nyingine yaweza kupatikana mwakani, na kuaminiwa na wenzako kukipotea ni vigumu kukurudisha.