Mtoto wa Nchi Mbili: Utangulizi wa Sheria ya Malezi Kuvuka Mipaka

Wengi hudhani somo hili ni la Brussels au Paris, wala halituhusu sisi wa Kindu. Lakini ni jamaa ngapi hapa Maniema ambazo baba yuko Kindu, mama yuko Bujumbura, na watoto wako kwa shangazi yao Ubelgiji? Ndoa ya namna hiyo ikivunjika, wazee huuliza kwanza habari za mahari. Kwa Warega na makabila mengi ya huku, mahari ikishatolewa mtoto ni wa ukoo wa baba, na hata Kanuni ya Familia ya 1987 inadai mahari ili ndoa ikubalike. Hakimu huanza kwingine kabisa: je, mimi ndiye ninayepaswa kusikiliza shauri hili?

Shika swali hilo kabla ya mengine yote. Wanafunzi wangu hukimbilia kupima nani mzazi bora, nani ana nyumba, nani ana kazi. Hayo yana nafasi yake, ila huja baadaye, na mara nyingi mahakama iliyopata shauri ndiyo inayoamua mwelekeo wake.

Mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 ulitungwa kwa ajili ya jambo hilo. Haugawi malezi. Unasema kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 aliyepelekwa au kuzuiliwa nchi nyingine kinyume cha haki ya mzazi mwenzake arudishwe upesi kule alikokuwa akiishi, na mahakama za huko ziamue. Mwaka ukipita kabla mzazi hajashtaki, na mtoto ameshazoea makao mapya, hakimu anaweza kukataa kumrudisha. Anaweza kukataa pia ikiwa kurudi kutamtia mtoto katika hatari kubwa. Hapo ndipo penye mabishano makali: waliouandika walimwaza zaidi baba anayetoroka na mtoto, kumbe leo wanaoshtakiwa wengi ni akina mama, na baadhi yao wamekimbia kipigo.

Zambia, jirani yetu, imejiunga na mkataba huo. Kongo haijajiunga. Kwa hiyo mama wa Bujumbura ambaye mwanawe ameletwa Kindu hawezi kuutumia hapa. Anabaki na sheria zetu na avoka wake.

Sheria zetu si chache. Kanuni ya 1987 ilisema wazazi wakikosana juu ya mtoto, neno la baba ndilo lenye nguvu, ingawa mama aliweza kukimbilia tribinali ya amani. Kanuni hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kabla ya hapo, sheria ya 10 Januari 2009 ilikuwa imeanzisha tribinali za watoto na kuagiza kwamba faida ya mtoto itangulie katika kila uamuzi unaomgusa.

Na hukumu iliyotolewa Ubelgiji? Haitekelezwi hapa yenyewe. Inahitaji kibali ambacho mawakili hukiita eksekwaturi, na sheria ya 11 Aprili 2013 inaeleza masharti yake: nakala iwe halali, hukumu iwe ya mwisho, mshtakiwa awe alipata nafasi ya kujitetea, na isipingane na misingi ya nchi yetu. Hakimu wa Kongo hasikilizi shauri upya, anakagua tu. Ila ukaguzi huo huchukua muda, na huku mtoto anakua, anaanza shule, anasahau lugha ya mzazi wa mbali. Kwa maoni yangu, muda ndio hakimu mkali kuliko wote katika somo hili.

Kesi moja nataka uisome mapema, ijapokuwa ilihusu uhamiaji wala si talaka. Tarehe 18 Agosti 2002 binti Mkongo wa miaka mitano alifika uwanja wa ndege wa Brussels pamoja na mjomba wake, bila karatasi za kuingia. Mama yake alikuwa mkimbizi Kanada na alitaka kumpata. Mtoto alifungiwa karibu miezi miwili katika kituo cha watu wazima. Tarehe 16 Oktoba mahakama iliamuru aachiliwe. Kesho yake akapandishwa ndege ya Kinshasa, ambako hakuna ndugu aliyekuwa akimngojea. Mama alipopiga simu kituoni siku hiyo ili aongee na mwanawe, aliambiwa ameshaondoka. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg iliihukumu Ubelgiji. Muda wote ule ofisi zilihangaika na karatasi zake za safari, na haki ya mtoto kuwa na mama yake ikawekwa kando.

Karatasi basi. Mzazi anayetaka kushtaki huko ng'ambo ataulizwa hati ya kuzaliwa, na hapa mtoto huandikishwa ndani ya siku 90. Zikipita, ni lazima kupitia tribinali. Nimeona mashauri mazuri yakikwama hapo. Halafu kuna Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia 1990: kifungu cha 10 kinampa mtoto wa wazazi walio nchi mbali mbali haki ya kuwasiliana na wote wawili mara kwa mara. Hakimu anayejua kazi yake huandika katika hukumu siku za simu, nani atalipa tikiti, na pasipoti itakaa kwa nani.